Tungnath wakati wa theluji

Mnaopanga kupanda Tungnath Januari au Februari, jueni mapema kwamba mlango wa hekalu utakuwa umefungwa. Hekalu hili la Shiva, mungu wa Wahindu, huko Uttarakhand, India, liko zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, na kila majira ya baridi sanamu ya ibada hushushwa hadi kijiji cha Makkumath. Anayetaka kusali mbele yake apitie huko kwanza.

Njia inaanzia mahali paitwapo Chopta: kilomita 4 hivi, kupanda tu. Theluji ikifika magotini, tengeni muda wa saa 4 hadi 5. Barabara ya gari ya kutoka mji wa Ukhimath hadi Chopta nayo ikizibwa, gari litawashusha njiani na mtaongeza kilomita kadhaa kwa miguu.

Theluji mbichi haiangushi watu sana. Kinachoangusha ni njia iliyokwisha kukanyagwa: mchana inayeyuka, usiku inaganda, alfajiri imekuwa kioo. Vaeni vyuma vyenye meno ya kushika barafu juu ya viatu mkiwa bado mahali tambarare, maana kuvifunga kwenye mteremko, vidole vikiwa vimekufa ganzi, ni shida tupu. Jinzi iacheni nyumbani, ikilowa haikauki. Chupa ya maji ipakieni kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu, hivyo mfuniko hauzibwi nayo. Simu ikae ndani ya koti, karibu na mwili.

Kilele cha Chandrashila kiko mbele zaidi, kilomita 1.5 hivi. Kama theluji nyingi imeanguka usiku, ishieni hekaluni. Kichwa kikigonga na kichefuchefu kikaja, shukeni hapohapo.