"I'm Waiting for the Man": kodi chache za gitaa, mwendo mmoja

Kona ya Lexington na Mtaa wa 125, Harlem, New York. Dola 26 mkononi. Lou Reed, mwimbaji wa bendi ya The Velvet Underground, akishaimba mistari michache tu, unajua yuko wapi, ana kiasi gani na anamsubiri nani: muuza heroini. Wimbo hauuonei huruma mtaa wala hauupondi. Unakupa anwani, pesa, ngazi za kupanda ghorofani, na yule muuzaji anapotokea, nguo nyeusi na kofia kubwa ya ukili. Wenyeji wanamhoji kijana wa kizungu kafuata nini huku, naye anajibu kwa unyenyekevu wa mtu anayejua kwamba hapa si kwao. Kwangu huo ni uandishi wa hali ya juu.

Ila maneno peke yake hayatembei. The Velvet Underground wana rekodi za majaribio za 1965 za wimbo huuhuu: gitaa kavu, mtindo wa folk (nyimbo za kienyeji za Kimarekani), maneno karibu yaleyale, na unamsikia mtu aliyekaa kitini akisimulia. Toleo la albamu ya Machi 1967 lilirekodiwa Mei 1966 katika studio ya TTG, Hollywood, na hapo ndipo miguu ilipopatikana. John Cale anagonga piano mapigo manane kila baa (kipimo kimoja cha muziki), palepale, bila kupumzika. Maureen Tucker alizoea kupiga dramu akiwa amesimama, besi dramu, ile ngoma kubwa, kailaza, tasa (sahani za shaba) akiziacha kando.

Bendi ikitaka kuupiga, weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mwendo, karibu mapigo 130 kwa dakika. Kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, ni D na G, zinapokezana. Karibu na mwisho wa ubeti zinapanda kidogo, kisha mnarudi D. Mtu wa wiki ya kwanza anaziweza, na ndiyo maana bendi nyingi zinauharibu: mikono inakosa kazi, kila mmoja anatafuta pa kuongeza pambo.

Mpiga dramu ndiye wa kwanza kuteleza. Anaweka roli (mfululizo wa mapigo ya haraka) kila baada ya baa nne, na kila roli inamsimamisha mtembeaji njiani. Mnyang'anyeni tasa kwa mazoezi yote. Pili ni kasi: ubeti wa tatu mnajikuta 140, mtu hatembei tena, anakimbia, na huyu hana pa kukimbilia maana mwenye mzigo hafiki kwa wakati. Aliyekulia kwenye dansi atatamani kufungua sebene pale katikati, azuiwe.

Piano isipigwe kwa ustadi. Kama hamna piano, kinanda chenye sauti kavu kinatosha, mkono mmoja, nguvu sawa kwa kila pigo. Kuelekea mwisho Cale anaanza kugonga noti za jirani kwa pamoja, zinakwaruzana. Msizitangulize, kwani zikija mapema hamtabaki na pa kwenda. Magitaa yawe na mkwaruzo kidogo wa ampu (kikuza sauti), yasipishane na sauti ya mwimbaji.

Na mwimbaji aongee zaidi ya kuimba. Akitia huzuni, wimbo unageuka maombolezo.

Kwenye rekodi sauti inafifia taratibu, jambo gumu kulifanya jukwaani. Kubalianeni ishara: piano ibaki peke yake baa nne, kisha wote mkate kwenye D.