Telekeza: neno lililonirudisha kwenye kambi niliyoipita

Siku ya tatu ya kazi niliandika kwenye daftari maneno manne: mbuyu mkubwa, hakuna kitu. Nikapiga mstari, nikasonga mbele. Zilipita wiki tatu ndipo nikarudi pale pale kuyafuta.

Tulikuwa magharibi ya Mpwapwa, tukitafuta masalia ya njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mwendo wa kilomita zaidi ya 1,000. Katika karne ya 19 njia hiyo ilipandisha bara vitambaa, shanga na nyaya za shaba, ikateremsha pwani pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Ukisema "njia", mtu anawaza barabara. Nami niliwaza hivyo, nikashinda siku nzima nikikodolea picha za setilaiti kutafuta mstari. Wapi! Wapagazi walitembea mmoja nyuma ya mwingine kwenye kijia cha upana wa nyayo mbili, na mtemi mmoja akizidisha hongo, yaani ushuru wa kupita kwake, msafara unaofuata unapita kwingine. Kwa hiyo mwanaakiolojia hatafuti walipopita. Anatafuta walipolala.

Kanuni yetu ilikuwa rahisi: fuata maji. Kwenye visima vya zamani na makorongo yenye maji ya kuchimba, tulijipanga mita kumi kumi tukitembea macho chini, na vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, vilionekana, mafiga yalionekana. Mahali penye vigae visivyofika vitano hatukupahesabu kuwa eneo la kale. Kanuni hiyo iliandikwa kwenye fomu zetu na hakuna aliyeitilia shaka, mimi nikiwa wa kwanza kuitetea.

Tukafika Marenga Mkali, nyika kavu iliyotenganisha Mpwapwa na Ugogo, kanuni ikatufia mikononi. Msafiri Stanley, aliyepita mwaka 1871, aliikadiria nyika hiyo kuwa zaidi ya maili 30. Hakuna mtu mwenye mzigo anayemaliza umbali huo kwa siku moja, kwa hiyo lazima walilala mahali fulani. Lakini wapi, kama maji hayapo?

Kijijini nako kulikuwa na kazi yake. Ukionekana na chekeche na jipiesi, watu wanajua tayari umefuata nini: mali ya Mjerumani, ile hazina inayosemwa kuwa ilifukiwa. Vijana walikuja usiku kuchimba vishimo vyetu upya, wakakuta udongo uleule. (Ndiyo maana sitataja mbuyu wenyewe uko wapi.) Aliyetutoa kwenye kesi hiyo ni bibi mmoja aliyetukuta tumejibanza kivulini. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, akauliza tunatafuta nini. Nikamwambia: wageni wa zamani walikunywa maji wapi huku.

"Mjukuu wangu, mahali panaitwa malenga makali, wewe unauliza maji ya kunywa?" Malenga ni maji kwa Kigogo. Akacheka mpaka akakaa chini. "Huku hawakunywa. Walikuja wameshakunywa."

Walikuja wameshakunywa. Usiku ule nikarudia maandishi ya wasafiri wa Kizungu, na humo mna neno linalojirudia, limeandikwa kwa tahajia za ajabu ajabu: tirikeza, terekeza. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi nikidhani ni kutelekeza kwetu kwa leo, kwamba msafara ulichoka ukaacha mizigo njiani. Sivyo. Telekeza ya misafara ilikuwa mwendo wa alasiri. Kwa kawaida walitembea kuanzia alfajiri na kutua kabla jua halijakuwa kali. Lakini mbele kukiwa na ukame, walishinda asubuhi kwenye maji ya mwisho, wakapika, wakala, wakanywa, wakajaza vibuyu, kisha wakaondoka jua likiwa limepinda na kwenda mpaka giza. Wakalala pakavu. Alfajiri wakaondoka tena ili wafikie maji mengine kabla hawajazidiwa. Kwa masikio yangu neno hili limetoka kwenye kuteleka, kuinjika chungu: unapika kwanza, ndipo unakwenda.

Basi kama walishapika, kambi ya usiku itakuwa na vigae vya nini?

Hapo nikajua tulichokosea, ila bado sikujua pa kutafuta. Nikaamua kutembea telekeza yenyewe. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo 30 na ushei. Nikajaza mchanga kwenye gunia, nikajitwika, nikaenda labda mita mia tano kabla ya kuupunguza nusu mbele ya wenzangu waliokuwa wakinihesabia hatua kwa furaha. Tuliondoka maji ya mwisho saa nane mchana. Giza lilitukuta baada ya kilomita kama 20. Nikaweka alama kwenye jipiesi, na kesho yake tukaanza kupekua kutoka hapo kuzunguka nje. Siku ya pili ya kupekua nikaona mbuyu naufahamu.

Juu ya ardhi palikuwa peupe kama nilivyoandika. Tulikuwa na kibali cha kuchimba vishimo vya majaribio, tukafungua viwili, tukachekecha, hatukupata hata kigae. Wenzangu wakaanza kufunga vifaa. Mimi nikaliangalia chekeche: matundu ya milimita 5. Shanga nyingi za biashara ile zina upana wa milimita 2 hadi 4. Tulikuwa tunazichekecha na kuzimwaga! Nikatandika wavu wa dirishani juu ya fremu, tukarudia lundo lote la udongo tulilokwisha kulitupa, safari hii kwa maji ya ndoo tuliyoyaleta kwa pikipiki.

Zikatoka shanga tisa na kipande cha waya wa shaba kilichosokotwa. Nyeupe saba, buluu moja, na moja nyekundu ambayo ukiitazama kwa lenzi tundu lake limezungukwa na kioo cheupe. Hiyo ni samesame, shanga ya Venice, ghali kuliko zote katika misafara ya wakati wa Burton, msafiri Mwingereza aliyepita mwaka 1857, na watu waliipa majina ya utani, mojawapo lenye maana ya kivunja mji, kwa jinsi wanawake walivyoitamani. Shanga moja haitoshi kutaja mwaka, na aina hiyo iliendelea kuuzwa muda mrefu, kwa hiyo kwenye ripoti niliandika "karne ya 19, yaelekea" na nikagombana na msimamizi wangu kuhusu hilo "yaelekea".

Bibi alikuja kuona. Nikamwekea ile nyekundu kiganjani, akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"Kidogo hivi ndicho mlichokuwa mnakichimbia?"

"Ndiyo, bibi."

Akanirudishia, akawageukia wale vijana wa vishimo vya usiku, akawaambia kwa Kigogo jambo ambalo hakuna aliyekubali kunitafsiria. Hawakurudi tena kuchimba.