ba7816bf, hatimaye

Siku ya nne hii. Niko Kondele, Kisumu, mvua inapiga mabati, naandika SHA-256 (hesabu inayogeuza data yoyote kuwa alama fupi ya kuitambulisha) kwa kidude cha kupima maji chenye kichakataji cha Cortex-M0.

Kwenye laptopu, inaenda bila kukwama. Kwenye kidude, kinakwama papo hapo.

Kumbe nilikuwa nasoma baiti nne kwa mkupuo kutoka anwani ya kumbukumbu isiyogawanyika kwa 4. Laptopu huvumilia. Cortex-M0 haikubali kabisa.

Nikanakili baiti kwanza hadi mahali penye anwani inayogawanyika kwa 4. Ikaenda! Nikaipa "abc", ambayo jibu lake lazima lianze na ba7816bf.

Ikaniandikia bf1678ba.

Niliitazama muda mrefu. ba, 78, 16, bf. Zote zipo, hakuna iliyopotea, ila zimejipanga kinyumenyume. SHA-256 hutanguliza baiti yenye thamani kubwa zaidi katika namba, kichakataji changu hutanguliza yenye thamani ndogo. Hesabu yote ilikuwa sahihi! Nilisahau tu kuzigeuza wakati wa kutoa jibu.

Saa kumi na moja jioni: ba7816bf. Nimepiga kelele hadi mama jirani akagonga mlango, "Kuna heri huko?"

Ipo, mama.

Nani mwingine amewahi kulizwa na mpangilio wa baiti? Ulijuaje tatizo ni hilo? Niambieni.