Zorki-4 na lenzi yake

Leica, ile kamera ya Kijerumani, nilishaitoa akilini zamani. M3, ile iliyotoka mwaka 1954, hata bila lenzi bei yake hapa Berlin inaweza kumeza mshahara, na kodi ya nyumba haisubiri. Kwa hiyo Jumapili nilikwenda kwenye soko la mitumba la Mauerpark, pale ulipopita Ukuta wa Berlin, nikitafuta binamu yake wa Kirusi. Zorki zilitengenezwa Krasnogorsk, karibu na Moscow, na zilianza kama nakala ya Leica II. Ya kwangu ni Zorki-4, toleo lililotengenezwa kuanzia 1956 hadi 1973.

Meza ya kwanza ilikuwa na "Leica" ya rangi ya dhahabu yenye nembo ya tai wa Kijerumani. Hizo ziogope. Aghalabu ni Zorki, au FED, kamera nyingine ya Kisovieti, iliyochongwa jina upya, na mwenye meza anakutazama usoni kuona kama unajua.

Meza ya pili ndiyo niliyosimama. Kabla ya kuuliza bei nilimpigia mjomba, Tanga. Yeye alifanya kazi studio miaka mingi.

"Shikamoo mjomba. Nimeona kamera ya mkanda."

"Marahaba mjomba. Achana na kung'aa kwa nje. Ichomoe lenzi, washa tochi, pitisha mwanga toka nyuma. Ukiona nyuzinyuzi ndani ya kioo, hiyo kuvu. Mrudishie mwenyewe."

Kuvu anaijua vizuri. Unyevu wa bahari uliwalia lenzi nyingi pale studio, mpaka wakawa wanaacha balbu inawaka kabatini usiku kucha.

Nikaichomoa. Ni Jupiter-8, milimita 50, f/2 (hiyo f ni upana wa tundu la mwanga, namba ndogo tundu kubwa), iliyofuata muundo wa Sonnar, lenzi ya Zeiss ya Ujerumani. Namba yake inaanza na 63, na kwa lenzi za Kisovieti tarakimu mbili za mwanzo kwa kawaida ndizo mwaka. Kioo kilikuwa safi, kinatoa mng'ao wa buluu ukikiinamisha. Pete ya kupanua na kubana tundu haina vituo, inateleza tu toka f/2 mpaka f/22. Pete ya masafa ilikuwa nzito kidogo, grisi imeganda. Hilo halinisumbui, grisi inabadilishwa.

Kilichonipa wasiwasi ni pazia la shata, lile linalofunguka na kufunga kuruhusu mwanga ufike kwenye mkanda, maana ni la kitambaa. Kamera hizi hazina kioo cha ndani cha kukinga mwanga, hivyo ukiiacha wazi inatazama jua, lenzi inakusanya miale na kutoboa kitambaa. Nikafungua mgongo, nikaielekeza juu, nikatazama: hamna kitundu. Tukapatana yuro 60, pamoja na mfuko wa ngozi unaonuka kabati la bibi.

Sasa nimeishi nayo kiasi. Ninachokipenda zaidi ni kidirisha. Hutazami kupitia lenzi, unatazama kando yake, na katikati kuna doa ambamo kitu kinaonekana mara mbili. Unazungusha lenzi mpaka picha mbili zikae juu ya moja. Basi, umeshapata ukali, na kila kitu kingine kinabaki wazi machoni hata wakati unafyatua. Tabasamu likikatika, unaliona likikatika. Kwa kupiga picha za watu sijaona kidirisha kinachonifaa kuliko hiki.

Ina masharti yake, lakini. Gurudumu la kasi ya shata usiliguse kabla ya kuvuta mkanda, utaharibu mitambo. Kipimamwanga haina kabisa, kwa hiyo natumia kanuni ya wazee: jua kali, f/16, kasi iwe karibu na namba ya wepesi wa mkanda kunasa mwanga. Mkanda wa 200, basi 1/250 ya sekunde. Kanuni hiyo Tanga inafanya kazi bila kufikiri. Berlin mwezi wa Novemba nafungua tundu mpaka f/4 na bado nasitasita.

Mkanda wa kwanza niliupeleka kusafishwa, na mjomba nimemtumia picha moja ya jirani akifungua baiskeli yake. Akajibu kwa sauti: "Mjomba, mbona umemkata miguu?" Sasa ananishawishi nitafute Jupiter-12, lenzi ya milimita 35 inayoona upana zaidi, ili miguu iingie. Nimemwambia hiyo inataka na kidirisha chake cha kuchomeka juu, gharama juu ya gharama. Amesema nianze kuulizia bei tu, kuuliza si kununua.