Kusoma upande wa pili bila kupandisha presha: mpangilio wa simu yangu hapa Kigoma

Mkoa wetu umewahi kuchagua wabunge wa vyama tofauti tangu vyama vingi viruhusiwe mwaka 1992. Jimbo la Kigoma Mjini peke yake limepita mikononi mwa CHADEMA, CCM na ACT-Wazalendo, na mwaka 2010 NCCR-Mageuzi ilipata majimbo manne, yote ya mkoa huu. Ukikaa kwenye kahawa Ujiji, mtu wa chama kingine unaye pembeni, utake usitake. Kwenye simu hayupo, na akiwepo anakuja kama tusi. Nimelishughulikia hilo kwenye simu yangu mwenyewe, na mpangilio wake ndio huu.

Kwanza niseme kisichosaidia: kufuata tu akaunti nyingi za wapinzani wako. Mwaka 2018 Christopher Bail na wenzake walichapisha utafiti wa Marekani ambamo watumiaji wa Twitter walilipwa ili kwa mwezi mmoja wafuate akaunti iliyorusha maneno ya viongozi na wasemaji wa upande wa pili. Wa Republican walitoka wakiwa wahafidhina kuliko walivyoingia. Wa Democrat hawakusogea kwa kiasi cha kutegemewa. Mwaka 2023 ukatoka mwingine kuhusu Facebook: watumiaji zaidi ya 23,000 walipunguziwa kwa kama theluthi moja machapisho ya watu wenye mawazo kama yao wakati wa uchaguzi wa Marekani wa 2020. Misimamo yao ilibaki palepale. Kwangu maana yake ni kwamba wingi wa sauti haufungui mtu. Cha kuangalia ni nani unamsikiliza, na juu ya jambo gani.

Nilianza na usafi. Mitambo ya kupendekeza haijui hasira na furaha. Inahesabu ulichotazama hadi mwisho, ulichokitolea maoni, ulichomtumia rafiki. Ukirudia klipu ya chawa fulani, yaani msifiaji wa wanasiasa, mara tatu kwa kuudhika, umeagiza machawa wengine kumi. Kwa hiyo simwandikii maoni mtu anayenikera, wala simsambazi ili tumcheke. YouTube nimefuta historia ya kutazama na kuizima. Ukurasa wa mwanzo unabaki mtupu, unatafuta mwenyewe unachokitaka. Facebook nafungua menyu ya mistari mitatu, naingia sehemu inayopanga machapisho kwa muda yalivyotoka, halafu watu niliowachagua nawaweka kwenye orodha ya vipendwa, ambayo inabeba hadi 30. WhatsApp nimezima upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja. Bando linapona, na klipu haijifungui kabla sijaamua kama naitaka.

Kazi kubwa iko kwenye kuchagua watu, na hapa sina haraka. Watatu kwa kila upande wananitosha. Namtafuta anayezungumzia jambo kuliko mtu: maji, barabara, reli, bei ya dagaa. Aweke hati au ataje ukurasa wa ripoti ya CAG (Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali), si picha ya gazeti iliyokatwa nusu. Kipimo ninachokiamini zaidi ni hiki: rudi nyuma kwenye machapisho yake uone kama amewahi kukikosoa chama chake hadharani. Asiyewahi hata mara moja ni kipaza sauti tu, na kipaza sauti cha upande wa pili kitakufanya uwe mgumu zaidi, kama wale wa Republican. Msemaji mkuu wa chama simweki kabisa, analipwa kutokubali. Diwani wa zamani, mwalimu mstaafu au mfanyabiashara wa mwaloni Kibirizi ana faida zaidi, maana anaijua hasara ya sera anayoitetea.

Kisha nasoma jambo moja kwa wakati, na naanza na la nyumbani. Mfano mzuri ni kufungwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika, 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Naandika kwanza hoja ya nisiyekubaliana naye, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angesema "ndiyo hivyo." Anayeunga mkono: samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na ziwa ni la nchi nne, Tanzania peke yake haiwezi kulilinda. Anayepinga: miezi mitatu bila kipato, mkopo wa mashine haupumziki ziwa linapopumzika, na mama muuza dagaa hana pa kukimbilia. Ukishaandika hivi utagundua mstari haupiti kati ya vyama. Unapita kati ya mwenye mtumbwi na asiye nao. Ukianza na Katiba au uchaguzi, mtu anajibu kwa kadi yake kabla hajasoma.

Kundi la WhatsApp la mchanganyiko nalo linawezekana, likiwa dogo. Likipita watu 20 wachache wanapiga kelele, wengine wananyamaza. Sheria yangu kama admini ni moja: ujumbe wenye mishale miwili, yaani uliokwisha kusambazwa mara nyingi, unafutwa kwa wote, isipokuwa aliyeuleta ameandika sentensi mbili zake mwenyewe kueleza anaamini nini ndani yake. Wengi hawana hizo sentensi mbili. Sababu ya pili ni ya kisheria: kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote, kwa anayechapisha kwa makusudi taarifa anazojua ni za uongo. Sauti ndefu za kurekodi nazo sizipendi, kwa sababu huwezi kunukuu sehemu unayoipinga.

Intaneti ikizimwa kama siku ya uchaguzi mkuu, Jumatano tarehe 29 Oktoba 2025, hatari haiko kwenye ukimya. Iko siku inaporudi, ujumbe wa siku kadhaa unapoingia kwa mkupuo. Kabla ya kusoma chochote, weka kundi kwenye hali ya admini pekee kuandika, liache hivyo siku nzima watu wapitie yaliyoingia, halafu fungua. Ukilifungua papo hapo, wa kwanza kuandika anajibu ujumbe wa Jumatano kwa habari za Jumatatu.