Kumbe ni bati tu!
Wiki nzima gari likisimama huku injini inawaka, nasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo. Nikikanyaga mafuta kidogo, kimya! Nikasema basi, injini imekufa. Oili nikapima, iko sawa. Nikavua mkanda wa alteneta (ile inayochaji betri), nikawasha sekunde chache tu: mlio upo palepale, kwa hiyo beringi zake hazihusiki. Nikaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni nisikilize mlio wa ndani (mbali na feni jamani!). Hamna kitu. Ilipopoa nikaingia chini, nikagonga bomba la moshi kwa kiganja. Kra-kra-kra! Bati la kuzuia joto limelegea, boliti imeliwa na kutu. Nimelibana kwa klempu. Na nilishaanza kuulizia bei ya injini nyingine 😂