Wikendi zetu Mtwara huanza kwa kutazama mwezi

Mimi na mume wangu ni watu wa Nakuru. Maji tuliyokulia karibu nayo ni ya ziwa, na ziwa ulipoliacha asubuhi ndipo utakapolikuta jioni. Tulihamia Mtwara yeye akiwa na mkataba wa kazi wa miaka miwili, mimi nikimfuata, na hatukujua kwamba bahari nayo ina saa zake.

Miezi mitatu ya kwanza Jumamosi zilikuwa za kufua, kupiga simu nyumbani na kulala. Ugeni ni mzito hata kama lugha ni ileile. Siku moja nikamwambia mume wangu kwamba tutarudi Kenya bila kujua tuliishi wapi. Tukanunua kibubu cha udongo, tukakiweka juu ya kabati, na kila mshahara ukiingia tunatumbukiza noti za safari. Tukapatana kwamba kila wiki ya pili tutatoka, hata kama ni kwenda kula samaki tu na kurudi.

Safari ya kwanza ilikuwa Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mfanyakazi mwenzake mume wangu alituazima gari. Tulifika saa sita mchana. Kule kuelekea Ruvula watu huendesha gari juu ya mchanga wenyewe, bahari upande mmoja na mivinje upande wa pili, na mchanga ulikuwa mgumu kama barabara ya lami. Tukaenda mpaka mbali, tukatandika mkeka, tukala, tukaogelea. Nilikuwa sijamwona mume wangu akicheka vile tangu tuhame.

Saa tisa tukawasha gari turudi. Njia haikuwepo! Ule mchanga mgumu tuliopita nao ulikuwa chini ya maji, na uliobaki ni ule mlaini wa juu, karibu na miti. Hatukwenda mbali, tairi ya nyuma ya kushoto ikazama hadi nusu. Kila akikanyaga mafuta inazidi kuchimba. Mawimbi yakawa yanalamba bampa, nami nawaza gari la watu.

Vijana wanne waliokuwa wakitengeneza nyavu wakaja bila kuitwa. Hawakusukuma kwanza. Mmoja alichuchumaa akatoa upepo kwenye tairi zote nne, kidogo kidogo, akizibonyeza kwa kidole gumba mpaka akaridhika. Wengine wakafukua mchanga kwa mikono na kulaza makuti mbele ya magurudumu. Ndipo wakasema, "Haya, taratibu, usivute sana." Gari likatoka. Tulipokuwa tunawashukuru, mmoja akaniuliza kwa mshangao wa kweli: "Dada, jana usiku hamkuuona mwezi?"

Tuliuona. Ulikuwa mpevu, tukausifia kutoka barazani. Hatukujua kwamba ulikuwa unatuambia kitu.

Jumapili nikaenda kwa mzee jirani yetu, aliyevua samaki miaka mingi kabla macho hayajamchosha. Nikampa shikamoo, akaitikia "Marahaba mwanangu," nikamweleza yaliyotukuta. Akachukua fimbo yake akachora chini. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, hayo ni bamvua: maji hutoka sana na kujaa sana. Siku za bamvua hapa kwetu, kwenye saa nne asubuhi bahari imekwenda zake, na kwenye saa kumi jioni imerudi yote. Wiki moja baadaye mwezi ni nusu, nayo ni maji mafu: hayatoki sana wala hayajai sana, na saa zake zimegeuka, asubuhi ile yamejaa. Katikati hapo, kila siku saa hizo zinachelewa kuliko jana. Mume wangu baadaye alizihesabu kwa saa yake ya mkononi, akapata karibu dakika 50 kwa siku.

Tangu siku hiyo tuna daftari. Kila mwezi tunachora duara nne, jeusi, nusu, jeupe, nusu, na safari tunazipanga humo. Wikendi ya bamvua ni ya kutembea juu ya kilichofunuliwa. Wikendi ya maji mafu ni ya kupanda mashua.

Mikindani, kilomita kama 10 tu kutoka mjini, tulikwenda na daladala Jumamosi ya bamvua, saa mbili asubuhi. Watu huenda kuangalia milango ya nakshi, na boma la Wajerumani la mwaka 1895 lililo juu kilimani, siku hizi ni hoteli, na mahali ambapo mvumbuzi Livingstone alifikia mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho. Tuliviona vyote na vinastahili. Lakini nilichokipenda kupita vyote ni ghuba yenyewe ikiwa imekauka, ngalawa zimelala ubavu, na akina mama wamejifunga kanga kiunoni wakichokoa pweza kwa vijiti. Mmoja alinionyesha tundu: vipande vya magamba ya kaa vimetupwa mlangoni. "Huyu ameshakula, yumo ndani amelala." Akaingiza kijiti, akasubiri, akamvuta. Bila bamvua nisingeyaona hayo.

Kilwa tuliitaka kwa maji mafu, na kwa siku tatu, kwa kuwa si safari ya kwenda na kurudi. Tulipata Ijumaa ya sikukuu, tukapanda basi la alfajiri la kwenda Dar es Salaam, tukashuka Nangurukuru, tukachukua usafiri mwingine hadi Kilwa Masoko. Huko unachukua kibali kwanza, ndipo unavuka kwenda Kilwa Kisiwani, kwenye magofu ya mji wa kale. Jumamosi saa nne asubuhi maji yalikuwa yamejaa, na nahodha akatuteremsha karibu kabisa na Gereza, ile ngome ya zamani, bila kulowa magoti. Alituambia wageni wengi huja maji yakiwa yametoka, wakashuka mbali na kutembea matopeni na viatu mkononi.

Mji ule uliandikwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, na msafiri Ibn Battuta aliukuta hai mwaka 1331. Nilisimama ndani ya Msikiti Mkuu, chini ya kuba za mawe ya matumbawe, nikaweka kiganja ukutani. Jiwe lile bado lina mashimo madogo ya wadudu wa baharini waliolijenga. Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, tulikaa zaidi ya saa nzima ukingoni mwa lile bwawa la pembe nane, sultani alilolijenga huku bahari yote iko chini yake. Mume wangu alinyamaza kabisa, na yeye si mtu wa kunyamaza.

Jambo jingine lililotufungulia njia ni neno "naomba". Nakuru ukimwambia mtu "nipe chai" hujamkosea. Huku nilikuwa nalisema hivyo na naona nyuso zinapoa. Nilipoanza "naomba chai, dada", dada huyohuyo alinielekeza wanapouza ming'oko ya moto, ile mizizi ya porini, na akanifundisha kuila na chumvi na pilipili.

Bado hatujafika Tendaguru, bara ya Lindi, ambako kati ya 1909 na 1913 watu walichimba mifupa ya dinosaria na wapagazi wakaibeba hadi bandari ya Lindi. Mifupa ya mnyama mmoja wa kule imesimama kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Kule mwezi hausaidii, kunataka kiangazi, nasi tumekuandika mwezi wa Septemba.

Kabla ya hapo mama mkwe anakuja. Hajawahi kuona bahari. Tumemkatia tiketi ya kufika Alhamisi, siku mbili kabla ya mwezi mpevu, na jana sokoni nimemnunulia yeboyebo za bluu, za kutembelea Msimbati Jumamosi asubuhi saa nne.